Nani Anakusomea Namba Yako?

Mwanzilishi wa boma la Wajerumani hapa Bukoba alikuwa mtu mwenye macho mabovu. Wazazi wake walimwita Eduard Schnitzer. Alizaliwa mwaka 1840 huko Silesia, katika mji ambao leo uko Poland, akasomea udaktari, akatumikia utawala wa Kituruki na baadaye wa Kimisri, na dunia ikamjua kwa jina la Emin Pasha. Kufikia wakati alipofika pwani yetu alilazimika kuisogeza karatasi karibu kabisa na uso ili aisome, na mtoto wa jicho alikuwa ameanza kumfunga. Desemba 1889, usiku wa karamu aliyoandaliwa Bagamoyo, alianguka kutoka ghorofani akaumia vibaya kichwani, na wanaosimulia ajali ile hutaja hali ya macho yake. Alilazwa kwa majuma mengi. Mwaka uliofuata, akiwa sasa mtumishi wa Wajerumani, aliongoza msafara kutoka pwani hadi ziwani, na Novemba 1890 akaweka kituo Bukoba.

Mtu huyu aliishi kwa namba. Alipima hali ya hewa siku kwa siku na kuandika vipimo vyake. Alikusanya ndege kwa mamia, akawapima na kuwaorodhesha. Alihesabu mizigo, wapagazi na askari. Hakuna aliyemwambia kwamba kwa sababu haoni vizuri hesabu hizo zisimamiwe na mwingine. Alikuwa na miwani, taa, makarani na watumishi. Muhimu zaidi, alikuwa na mamlaka: aliyemsomea namba ya uongo alikuwa na jambo la kuogopa.

Nimeanza na Pasha kwa sababu nataka kueleza historia ya chombo kidogo ambacho wengi wenu hamjawahi kukishika, kikokotoo kinachozungumza, kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wasioona. Ukikisikia kwa mara ya kwanza unaweza kudhani kazi yake ni kumsaidia asiyeona kukokotoa. Baada ya kuishi nacho kwa karibu hapa Miembeni kwa miaka kadhaa, nimekuja kuamini kwamba kukokotoa ndiyo kazi yake ndogo. Watu wasioona wamekokotoa tangu zamani. Ugumu wao umekuwa mahali pengine: kati yao na namba zao pamesimama mtu.

Kabla ya boma, hesabu za nchi hii zilikaa mikononi. Katika falme za kandokando ya ziwa, kuanzia Buganda hadi huku Buhaya, simbi zilikuwa fedha. Zilitobolewa na kutungwa kwenye uzi, mara nyingi mia kwa mia, na mtu aliyetaka kuhakiki malipo yake alizipitisha katikati ya vidole moja baada ya nyingine: emo, ibili, ishatu. Ndizi zilihesabiwa kwa mikungu, na mkungu unajulikana kwa kuubeba. Buni zilipimwa kwa chombo kilichojazwa hadi ukingoni, na ukingo unajulikana kwa kiganja. Sisemi kwamba zamani zile zilikuwa pepo ya watu wasioona. Kila zama zina wadhalimu wake. Ninasema tu kwamba mtu aliyepoteza macho uzeeni hakupoteza hesabu zake siku ileile. Uzi wa simbi mia ulikuwa uzi wa simbi mia gizani na mchana.

Kisha namba zikahama. Ilikuja rupia, ikaja kodi, na kodi ikaja na stakabadhi. Waingereza walipochukua nchi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kahawa ya Buhaya ikawa zao la kuuzwa nje kwa wingi, na zao la kuuzwa nje halipimwi kwa kiganja. Ikaja mizani yenye uso kama wa saa na mshale unaocheza. Mwaka 1950 kikaanzishwa Chama Kikuu cha Ushirika cha wakulima wa kahawa wa Bukoba, kilichojulikana kama BNCU, mzazi wa KCU tunayoijua leo, na pamoja nacho daftari, kadi ya mwanachama, malipo ya awali na malipo ya pili. Namba zilizokuwa mikononi zikahamia kwenye karatasi na kwenye uso wa mizani, yaani zikahamia machoni.

Hasara hiyo haikuwa ya wasioona peke yao. Kila mkulima ambaye hakujua kusoma alijikuta kipofu mbele ya mizani, na serikali ya Uhuru ilijua hivyo. Kati ya mwaka 1968 na 1972, UNESCO na serikali ya Tanzania waliendesha mradi mkubwa wa majaribio wa kisomo cha watu wazima katika mikoa ya ziwa, makao yake yakiwa Mwanza, na mkoa wetu, ambao wakati huo uliitwa Ziwa Magharibi, ulikuwemo. Watu wazima walisoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, mifugo. Somo la hesabu lilikuwa na shabaha ambayo kila mzee aliyepita katika madarasa yale anaweza kukueleza kwa maneno mepesi: usome mizani mwenyewe, usome risiti mwenyewe, usiibiwe.

Lilikuwa wazo kubwa, na bado naliheshimu. Lakini lilitegemea macho. Mkulima asiyeona alitoka katika zama za kisomo akiwa peke yake kuliko alivyoingia, kwa sababu sasa jirani zake wote walikuwa wanajisomea, na yeye alibaki wa kusomewa.

Mahali pengine duniani watu walikuwa wamehangaika na tatizo hilohilo kwa muda mrefu, na historia yao inafaa kujulikana hata na wale wenye macho mazima. Nicholas Saunderson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1682, alipofushwa na ndui akiwa mtoto mchanga. Mwaka 1711 akawa profesa wa hisabati Cambridge, katika kiti kilekile alichokuwa amekikalia Isaac Newton. Alifanya hesabu zake kwa ubao wenye matundu na pini: pini kubwa na ndogo, na mahali zilipochomekwa, zilimwambia tarakimu. Vidole vyake vilipita juu ya ubao kama sisi tunavyopitisha macho kwenye ukurasa. Alipofariki mwaka 1739 aliacha kitabu cha aljebra kilichochapishwa mwaka uliofuata, na ndani yake ubao ule umeelezwa.

Katika karne ya kumi na tisa kasisi mmoja wa Uingereza, William Taylor, alitengeneza fremu ya hesabu iliyosafiri hadi makoloni ya Kiingereza na kutumika katika shule za wasioona huku kwetu Afrika Mashariki. Ni ubao wa matundu yenye pembe nane, na vijiti vidogo vya madini vya pembe nne. Kijiti kina ncha mbili zisizofanana. Ukikichomeka kinaweza kuelekea pande nane, na ukikigeuza utapata nane nyingine: alama kumi na sita, zinazotosha tarakimu zote na alama za kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mwanafunzi anapanga hesabu yake safu kwa safu, kisha anaisoma kwa kidole. Akipiga chafya akaangusha ubao, anaanza upya.

Kuna pia nukta nundu za Louis Braille, alizozichapisha mwaka 1829, ambamo tarakimu huandikwa kwa herufi kumi za mwanzo zikitanguliwa na alama ya namba. Na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tim Cranmer, Mmarekani asiyeona wa Kentucky, alichukua abakasi ya Kijapani, ile ya shanga kwenye vijiti, akaweka kitambaa kizito nyuma ya shanga. Kilikuwa kitu kidogo kama kitambaa cha kofia, na kilibadilisha kila kitu. Shanga ziliacha kuteleza zinapoguswa, na mtu akaweza kuzisoma bila kuziharibu.

Katika nchi yetu elimu ya wasioona ilianza kwa shule chache za misheni. Ile ya Buigiri, Dodoma, ilianzishwa mwaka 1950. Hapa Manispaa ya Bukoba tunayo Shule ya Msingi Mugeza Mseto, inayopokea watoto wasioona, watoto wenye uoni hafifu, watoto wenye ulemavu wa viungo na watoto wenye ualbino, ambao wengi wao pia huona kwa shida. Watu wa mjini tunaijua Mugeza kwa jina, na mara nyingi tunaishia hapo. Kinachofanyika ndani ni kazi ngumu: kumfundisha mtoto kubeba kichwani hesabu ambayo mwenzake anaiacha ubaoni na kuirudia atakapo.

Na Baraza la Mitihani linalijua hilo. Katika mitihani ya taifa, mtahiniwa asiyeona huongezewe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati, na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Ukizisoma dakika hizo vizuri utaona zina maana. Hisabati inamgharimu mtu asiyeona mara mbili ya ziada anayogharimiwa na historia au Kiswahili, na ziada hiyo haitokani na uzito wa akili. Inatokana na njia ndefu ambayo namba hupita kabla ya kufika kidoleni.

Sasa tuje kwenye sauti.

Mwaka 1976 kampuni moja ya California, Telesensory Systems, ilitoa kikokotoo kilichoitwa Speech Plus. Kampuni hiyo ilikuwa imeanzishwa miaka michache kabla na watu wawili, John Linvill na James Bliss. Linvill alikuwa profesa wa umeme, na binti yake hakuwa anaona. Chombo chao cha kwanza kilimwezesha binti huyo na wengine kusoma maandishi ya kawaida yaliyochapwa kwa kuyahisi kwenye ncha ya kidole. Kikokotoo kilikuwa hatua iliyofuata. Sauti yake ilitokana na kazi ya Forrest Mozer, mwanafizikia wa Berkeley, aliyebuni njia ya kubana maneno yaliyorekodiwa hadi yakaingia kwenye kipande kidogo cha elektroniki. Katika miaka ile kumbukumbu ya elektroniki ilikuwa ghali mno, na kila neno lilikuwa na gharama. Kwa hiyo Speech Plus ilijua maneno 24 tu: tarakimu, nukta, jumlisha, toa, zidisha, gawanya, na mengine machache ya kazi.

Nimewahi kusikiliza rekodi ya sauti hiyo. Ni kavu, kama mtu anayeongea akiwa ndani ya pipa. Kipande kilekile cha elektroniki kilikuja kutumika mwaka 1980 katika mchezo wa mashine za burudani ulioitwa Berzerk, ambamo maroboti yaliwatisha vijana wa Marekani kwa maneno. Wengi waliocheza hawakujua kwamba sauti iliyokuwa inawafukuza ilizaliwa kwa ajili ya mtu aliyetaka kujua bili yake ni kiasi gani.

Bei ya Speech Plus ilikuwa dola 395. Dola moja wakati huo ilikuwa kama shilingi nane za Tanzania, kwa hiyo tunazungumzia zaidi ya shilingi elfu tatu za mwaka 1976, fedha ambazo mkulima wa kawaida wa kahawa hakuwa akizishika kwa pamoja. Sauti ilikuwepo duniani, lakini kufika kwake kwa watu wetu kulisubiri miongo mingine, mpaka viwanda vya Asia vilipoanza kutoa vikokotoo vya aina hiyo kwa bei ya chakula cha mchana cha mgahawani.

Hicho ndicho alichonacho mjomba wangu. Ana duka dogo la rejareja hapa Miembeni, na kibanja cha urithi huko Muleba ambamo mibuni imesimama katikati ya migomba kama ilivyo kwa Wahaya wote. Presha ya macho ilimchukulia uoni wake polepole, kwanza pembeni, kisha katikati. Aliletewa kikokotoo kutoka Kampala. Kina vitufe vikubwa vya mpira, kinundu kidogo juu ya kitufe cha tano ili kidole kijue katikati ni wapi, gurudumu la kupandisha na kushusha sauti, tundu la visikilizio, na kitufe cha kurudia jibu.

Ngoja nieleze kinavyofanya kazi, maana ufundi wake uko katika mambo madogo. Mteja anataka sukari kilo tatu, kwa shilingi 2,800 kila kilo. Mjomba anabonyeza mbili. Chombo kinatamka mbili, kwa Kiingereza. Anabonyeza nane, kinatamka nane. Kila kitufe kinajitaja, na kujitaja huko ni sawa na mtu mwenye macho anavyotupia jicho kwenye kioo kuhakikisha hajakosea. Anazidisha kwa tatu, anabonyeza alama ya sawasawa, nacho kinatangaza elfu nane na mia nne. Mteja ametoa noti ya elfu kumi. Mjomba anaipima urefu kwa kuikunja kwenye vidole, kwa kuwa noti zetu hutofautiana kidogo kwa urefu, kisha anatoa chenji ya 1,600. Mara nyingi chenji anaijua kabla chombo hakijasema. Siku moja nilimuuliza, "Mjomba, kama unaijua, kwa nini unabonyeza?"

"Mwihwa wangu," alinijibu, "mimi nabonyeza ili mteja asikie."

Jibu lile lilinifungua. Nilikuwa nimekichukulia kikokotoo kama sikio la mjomba. Kumbe kwake kilikuwa pia shahidi. Kabla ya hapo, mteja aliyebishia chenji alikuwa anabishana na kumbukumbu ya mtu asiyeona, na katika ubishi wa aina hiyo tunajua nani huaminiwa. Sasa kulikuwa na sauti ya tatu kaunta, isiyo na undugu na yeyote.

Lakini sauti ya tatu haina siri. Anapojumlisha mauzo ya siku jioni, duka zima linaweza kusikia alichoingiza. Ndiyo maana tundu la visikilizio si pambo. Mtu mwenye macho huufunika mkono mmoja juu ya kioo na mambo yake yamekwisha. Asiyeona anahitaji waya. Na betri zikianza kuchoka sauti inakuwa nzito, inakokota maneno, mpaka tano na tisa za Kiingereza zinaanza kufanana.

Halafu kuna lugha. Mjomba anahesabu kichwani kwa Kihaya, anamtajia mteja bei kwa Kiswahili, na chombo kinamjibu kwa Kiingereza. Kila muamala unavuka mipaka miwili. Kijana aliyesoma hatahisi chochote, maana darasa limeshamzoesha. Mzee aliyeishia darasa la nne anapaswa kwanza kujifunza Kiingereza cha namba ndipo apate kuzidisha bei ya sukari yake. Baadhi ya vikokotoo husoma namba nzima, vingine husoma tarakimu moja moja, na vingine vina swichi ya kuchagua. Kwa mjomba, tarakimu moja moja ndiyo iliyokuwa njia ya kuingilia: kujifunza maneno kumi ni rahisi kuliko kujifunza namna Waingereza wanavyopanga maelfu yao.

Ningependa kuishia dukani, lakini historia hii ilianzia kwenye kahawa na kwenye kahawa ndiko inakobana. Wasomaji wa nje ya Kagera huenda hamjui neno butura. Ni biashara ya kununua kahawa ikiwa bado mtini, kabla haijaiva, kwa mkulima aliyebanwa na ada ya shule au ugonjwa, kwa bei ya mtu aliyebanwa. Viongozi wa mkoa wameipiga vita mara nyingi. Mjomba, katika miaka ambayo macho yalikuwa yanamtoka, aliwahi kuingia butura na mnunuzi mmoja. Siku ya kupima, gunia lake liliinuliwa kwenye mizani, kilo zikatajwa, zikazidishwa kwa bei, naye akakabidhiwa fedha. Mikono yake, iliyobeba kahawa kwa miaka arobaini, ilimwambia gunia lile lilikuwa zito kuliko kilo zilizotajwa. Hakuwa na cha kuonyesha. Mikono haina risiti.

Alipopata kikokotoo alifurahi kwa sababu nusu ya mkasa ule haiwezi kurudi. Ukimtajia kilo 46 na bei ya kilo moja, atakuzidishia mwenyewe papo hapo. Nusu nyingine imebaki palepale. Kilo 46 zinatoka kwenye mizani, na mizani bado ni bubu. Kikokotoo kinaweza kuzidisha kwa uaminifu kamili namba ambayo mtu mwingine amekudanganya.

Watanzania tumelijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 2018 neno kikokotoo lilitoka kwenye mikoba ya wanafunzi likaingia kwenye vichwa vya habari, serikali ilipotoa kanuni mpya ya mafao ya wastaafu iliyoshusha malipo ya mkupuo hadi asilimia 25. Malalamiko yakawa makubwa, na Desemba ya mwaka huo Rais Magufuli akaisimamisha. Wastaafu wale walikuwa walimu, wauguzi, wahasibu. Kuzidisha na kugawanya waliweza. Walichokosa ni kauli juu ya namba zinazoingizwa. Mkulima asiyeona anaishi katika hali hiyo kila msimu, bila vyombo vya habari.

Sauti sasa imehamia kwenye simu. Mwaka 2009 iPhone ilianza kusoma kioo chake kwa sauti, na mwaka huohuo Android ikapata programu yake ya kusoma inayoitwa TalkBack. Zipo pia programu za bure za kusoma kwa sauti zenye sauti ya Kiswahili. Si tamu, lakini zinasema elfu nane na mia nne kama tunavyosema sisi. Mwenye simu janja ana kikokotoo kinachozungumza bila kununua kingine, na vijana wa vyuo wasioona ninaowafahamu hukimbiza vidole kwenye kioo kwa kasi inayonishinda mimi ninayekitazama.

Lakini wazee wengi wana kitochi, na kitochi hakizungumzi. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008 ilipokelewa kama ukombozi, na kwa wengi ilikuwa hivyo kweli. Kwa mtu asiyeona mwenye kitochi iliongeza mlango mmoja zaidi unaohitaji macho ya mwingine: menyu ya kusoma, salio la kusoma, ujumbe wa kuthibitisha wa kusoma, na juu ya yote namba ya siri. Namba ya siri ya mjomba naijua mimi, anaijua binti yake, na nina hakika anaijua kijana wa dukani. Sisi watatu tunampenda. Hata hivyo, mtu mzima mwenye duka na kibanja hapaswi kutegemea mapenzi ili fedha yake ibaki kuwa yake.

Katika karatasi mambo yako vizuri. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Darasani kuna swali ambalo bado linastahili mjadala: Hisabati ya kidato cha nne hairuhusu kikokotoo cha aina yoyote kwenye chumba cha mtihani. Wengine husema huo ni usawa, maana wote wamekatazwa. Mimi naona wenye macho wamebakiwa na kalamu, na kalamu kwao ni kumbukumbu ya haraka. Aliyebakiwa na ubao wa vijiti hajabakiwa na kitu kilekile. Walimu wa hisabati watanibishia kwamba mtoto lazima ajifunze kuzidisha kwa kichwa chake, na hoja hiyo ina uzito. Nisichokubali ni kuimaliza hoja kwa kusema sheria ni moja kwa wote.

Upande wa kahawa suluhisho halihitaji hata sayansi mpya. Mizani zinazotaja uzito kwa sauti zipo. Wasioona wa nchi nyingine hupimia nazo unga jikoni kwao. Mizani kubwa ya namna hiyo ikiwa ghali kwa chama cha msingi, kuna njia isiyo na gharama. Karani ataje kilo kwa sauti kabla hajaandika, watu waliopanga foleni wasikie, na mkulima arudie namba hiyo kwa mdomo wake ndipo iandikwe. Mjomba atafanya yaliyobaki kwa vitufe vyake vya mpira. Ni utaratibu wa simbi uliorudi kwa njia ya sikio: namba inapita mbele ya watu, inahesabika, haijifichi usoni mwa chombo.

Ukiutazama utaratibu huo utaona hauwafai wasioona tu. Unamfaa bibi aliyesahau miwani nyumbani, mkulima ambaye hakuwahi kuingia darasani, na hata kijana mwenye shahada ambaye karani alimgeuzia mizani mgongo.

Kahawa ya Muleba huanza kuchumwa kuanzia kama Mei. Kabla ya msimu ujao ningependa kila chama cha msingi kikae na swali hili kwenye mkutano wake: mkulima asiyeona akifika na gunia lake, nani atamtajia kilo, na yeye atajuaje kwamba ametajiwa kweli?